Robo Saa ya Kuganda

Juzi binti yangu kaniletea simu: "Baba, mbona wote wameganda?" Nikaukumbuka usiku wa bajaji.

Mchezo wetu wa mbio za bajaji ulikuwa na ugonjwa: wachezaji wakifika hamsini na kitu, ghafla wote wanaganda, halafu baada ya kama robo saa unazinduka wenyewe. Tuliongeza RAM. Tukapandisha kikomo cha faili wazi kutoka 1024 hadi 65,536, maana kila soketi, yaani muunganisho wa mchezaji na seva, huhesabiwa kama faili. Wapi!

Usiku ule sikuizima seva. Niliandika ss -tno, amri ya Linux inayoorodhesha miunganisho, nikasoma mstari kwa mstari. Recv-Q, data iliyofika ikisubiri kusomwa, inapanda kwa kila mchezaji: watu wanabonyeza, seva haisomi. Send-Q, data ambayo simu haijathibitisha kuipokea: sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mstari mmoja: 87,040, haisogei. Pembeni yake timer:(on,1min12sec,11). Keneli, kiini cha Linux, ilikuwa imeshatuma upya mara 11, na bado dakika moja na sekunde 12 kabla ya kujaribu tena. Nikawa narudia amri ile ile, nautazama muda ukishuka. Simu moja, pengine imeishiwa chaji, pengine daladala imepita pasipo na mnara, imewashika wote.

Tulikuwa na thredi moja, yaani mfululizo mmoja tu wa kazi, na send(), amri ya kutuma, ya kusubiri, mchezaji mmoja baada ya mwingine. Bafa ya mmoja, ghala la muda la data ya kutumwa, ikijaa, send() hairudi. Linux hutuma upya hadi mara 15 ndipo ikate tamaa, na kwa jinsi inavyorefusha kila ngojo, hiyo ni kama dakika 15. Ndiyo robo saa yetu.

Tukahamia epoll, njia ya Linux ya kufuatilia soketi nyingi kwa pamoja, soketi zote O_NONBLOCK, yaani zisizosubiri, kila mchezaji na foleni yake. Ikija EAGAIN, yaani "jaribu tena baadaye", kilichobaki kinasubiri EPOLLOUT, ishara kwamba nafasi ya kutuma imepatikana. Foleni ikirefuka, nafasi za zamani za bajaji zinatupwa, inabaki ya mwisho. Matokeo ya mbio hayatupwi kamwe. Ujumbe uliokwisha kutumwa nusu usiuguse: ukiukata, kuanzia hapo mteja anasoma takataka.

Anayekaa kimya sekunde 15 tunamfungia. Hiyo 15 bado inanisumbua. Kwa 5, wenye mtandao dhaifu walikuwa wakitupwa nje ovyo. Kwa 60, barabara ilijaa bajaji zisizo na dereva.

Kwenye simu ya binti yangu alama ya mtandao ilikuwa imetoweka. Aliyeganda ni yeye, naye hajui. Nikaanza kuhesabu sekunde.