Majiko mawili kitaluni

Julai 2016, Njombe ilikuwa na baridi ya kung'ata. Alfajiri kabichi za Shangazi zilikuwa nyeupe kwa barafu, nami nilikuwa na miche 300 ya nyanya ndani ya kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15, hela yote ya mkopo wa kikoba. Nikafunga kila kitu: mapazia ya pembeni chini, mlango nimeukaza kwa kamba ya katani, hata upenyo wa juu nikauziba kwa nailoni.

Nyanya zikadumaa. Rafiki yangu aliyesomea kilimo Morogoro alipita na kipimo cha hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi ambayo mimea huitumia kutengeneza chakula; kidude kama simu ya kitochi. Saa nne asubuhi, jua limeshapanda, kilisoma sehemu 230 kwa milioni ndani. Nje, 400. "Mimea yako imekula hewa ukaa iliyomo humu," akasema, akakimbilia basi la Makambako. Laiti angebaki dakika kumi!

Maana mimi nilisikia ukaa, nikaelewa mkaa. Usiku ule nikaingiza majiko mawili. Joto lipo, chakula cha nyanya kipo. Nilijiona mjanja kweli.

Saa kumi na moja alfajiri nikaingia kuongeza mkaa. Nimechuchumaa napuliza, kichwa kikaanza kugonga, magoti yakalegea. Shangazi, ndoo ya maziwa mkononi, aliniona kupitia nailoni nimekaa chini kama mlevi. Akaikata kamba kwa panga, akanivuta nje kwa ukosi wa koti.

"Wewe, unataka kuniachia msiba?"

Nilitapika mpaka jua likatoka. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Siku chache baadaye maua ya njano yakapukutika na majani yakajikunja kuelekea chini.

"Hiyo ni gesi ya ethilini," rafiki yangu akasema kwenye simu. "Nayo imo kwenye moshi, nyanya haiivumilii. Halafu usiku mmea hautengenezi chakula, hewa ukaa ulikuwa unampikia nani? Si nilikwambia unyanyue mapazia jua likichomoza, hewa ya nje iingie?"

"Hukuniambia."

Kimya. Kisha akacheka, nami nikacheka kwa hasira.

Aliporudi na kipimo chake, mapazia yalikuwa juu tangu saa mbili na nusu. Kilisoma 385. Majiko aliyachukua Shangazi, na mpaka leo hajanirudishia.