Nilivyofanikiwa Kupima Mkondo Mdogo wa Potasiamu katika Seli za Ateri ya Mapafu

Kwa miezi saba sikupata seli hata moja iliyodumu kwa muda wa kutosha kupimwa. Nilikuwa nikichunguza shinikizo la juu la damu katika mapafu, ugonjwa unaotambuliwa pale wastani wa shinikizo katika ateri ya mapafu unapozidi milimita 20 za zebaki, na ambao mara nyingi huua kwa kuuchosha upande wa kulia wa moyo, unaolazimika kusukuma damu kwenye mishipa iliyobana na kunenepa kuta.

Swali langu lilihusu mfereji mmoja wa ioni, yaani kitundu cha protini kwenye utando wa seli kinachopitisha chembe zenye chaji; mfereji huo uitwao TASK-1 unatokana na jeni ya KCNK3. Mwaka 2013 ilibainika kwamba baadhi ya wagonjwa wana kasoro katika jeni hiyo. Mfereji huu huacha potasiamu itoke ndani ya seli ya msuli laini kidogo kidogo, wakati wote, na kwa njia hiyo husaidia kuufanya upande wa ndani wa utando ubaki na chaji hasi, karibu milivolti -50. Ukizibwa, chaji hiyo hupungua, mifereji ya kalsiamu inayotegemea volti hufunguka, kalsiamu huingia na msuli hukaza. Vilevile, seli iliyojaa potasiamu hainywei, yaani haisinyai, kwa urahisi, na kunywea ni hatua ya mwanzo ya seli kufa kwa mpangilio; hivyo seli zilizopaswa kuondoka hubaki, na ukuta wa mshipa huzidi kunenepa. Kwangu mimi, jambo hili la pili lina uzito kuliko la kwanza, kwa sababu dawa za kutanua mishipa hulegeza msuli lakini haziondoi unene uliokwisha kujengeka.

Njia niliyotumia ni pachi klampu, ya kupima mkondo wa umeme unaopita kwenye utando wa seli, ambayo Erwin Neher na Bert Sakmann waliieleza mwaka 1976 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Pipeti ya kioo yenye ncha nyembamba sana hugusishwa kwenye utando wa seli, kisha mtafiti huvuta hewa taratibu mpaka kioo na utando vishikane barabara, jambo linaloonekana kwa ukinzani wa umeme wa zaidi ya gigaomu (omu bilioni) moja. Mimi nilivuta, ukinzani ukapanda kidogo, kisha ukaporomoka. Nilibadilisha pipeti, nikabadilisha waya wa elektrodi, nikatilia shaka hata meza ya kuzuia mtikisiko.

Kosa halikuwa kwenye mitambo. Siku moja niliamua kutopima chochote, nikakaa kwenye hadubini nikiziangalia seli zenyewe tangu zilipotoka kwenye ateri. Nyingi zilikuwa zimejikunja kama vidonge, ilhali seli ya msuli laini iliyo hai huwa ndefu, yenye ncha mbili na utando unaong'aa. Nilikuwa nikiziua kabla ya kuzipima: mmumunyo wangu ulikuwa na kalsiamu nyingi mno, na nilizitenganisha kwa kuzivuta kwa nguvu kupitia pipeti nyembamba. Nikaanza upya kwa mmumunyo usio na kalsiamu, nikaloweka vipande vya ateri katika papaini, kimeng'enya kinacholegeza tishu, usiku kucha kwenye nyuzijoto 4, asubuhi nikavipasha joto hadi nyuzijoto 37 kwa dakika chache tu, kisha nikavipitisha taratibu kwenye pipeti pana ambayo mdomo wake nilikuwa nimeulainisha kwa moto. Wiki ya pili nilipata seli ndefu, na siku hiyohiyo nikapata gigaomu.

Bado ilinibidi kuutenga mkondo niliouhitaji, kwa kuwa seli hizi zina mifereji mingine ya potasiamu, ikiwemo Kv1.5, ambayo mkondo wake ni mkubwa zaidi na huuficha ule mdogo. Niliishikilia seli kwenye milivolti 0 kwa dakika kadhaa hadi mifereji inayotegemea volti ilipojifunga yenyewe. TASK-1 haijifungi hivyo, kwa hiyo mkondo uliobaki ulikuwa na dalili ya kuwa wake, ingawa dalili haitoshi. Nikabadilisha pH ya mmumunyo wa nje: nilipoongeza asidi mkondo ulipungua, nilipoipunguza ukaongezeka, na niliporudisha pH 7.3 ukarejea ulipokuwa. Jaribio hilo nililirudia kwa seli nyingi kabla ya kumwonyesha msimamizi wangu, kwa sababu mkondo mdogo namna hii ni rahisi kuuchanganya na uvujaji wa kawaida kwenye pipeti, ambao haujali pH.

Baada ya hapo ndipo nilipothubutu kugusa seli za panya wa maabara wa aina kubwa (rat) waliokuwa wamedungwa monokrotalini wiki tatu kabla, sumu inayowasababishia ugonjwa huu. Sikutumia panya wa aina ndogo (mouse), kwa kuwa katika ateri zao za mapafu TASK-1 haifanyi kazi inayofanya kwa binadamu. Katika seli za panya wagonjwa niliongeza asidi nikitazama mstari kwenye skrini, na haukusogea sana. Mkondo ambao asidi ingeupunguza ulikuwa umekwisha kupotea.