Peugeot 504 ya mzee, kutoka Lanet mpaka Ahero

Hii gari ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba yetu Lanet hapa Nakuru tangu 2011, kuku wanatagia chini ya kiti cha nyuma na majani ya mparachichi yanaozea kwa boneti. Ni Peugeot 504 saluni, rangi ya krimu, gia ya usukani (mti wa gia uko kando ya usukani), mzee wangu aliinunua mkono wa pili 1986 akiwa mwalimu na ndo ilikuwa inatupeleka ocha, kijijini kwetu, kila Disemba, watoto watano nyuma, sufuria na magunia kwa buti. Mwaka jana mzee akaniita akaniambia, "Baba, nataka nifike kwa dada yangu Ahero na hiyo gari nikiwa bado naona barabara." Ana miaka 76. Hakuongeza kitu, akaendelea na chai yake.

Kila mtu aliyesikia nimeanza hiyo kazi alinishauri mambo ya rangi, piga filla, nyunyiza rangi, tafuta rimu za kung'aa, utaona vile watu watakuja na pesa. Wengine wakasema toa hiyo injini weka ya Toyota uache kuhangaika. Mi nilikuwa nawaza ule mlima wa kutoka Salgaa mpaka Mau Summit na yale malori yote, alafu mteremko wa kutoka Kericho kushuka Awasi, na mzee akiwa ndani. Nikaandika kwa daftari vile pesa itaenda, breki, maji, waya, tairi, injini, rangi nikaiacha nje kabisa. Mpaka leo mlango wa kulia uko na mikwaruzo ya pembe za ng'ombe wa shangazi na sitaigusa.

Na hizi gari zilitengenezwa zitumike. Ove Andersson alishinda Safari Rally na 504 mwaka 1975, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na ile ya milango miwili yenye V6. Saluni kaa hii yetu nyuma haina ekseli moja ya kushikana, kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake, na springi zake ni ndefu na laini, ndo maana kwa barabara mbaya inaelea tu. Kwa hivyo fundi aliponiambia tuweke springi ngumu gari ikae chini nilikataa, tukabadilisha bushi na shoki basi.

Injini sikuiwasha haraka, na hapa nashukuru sana fundi niliyempata, mzee mmoja wa jua kali aliyezifanya hizi gari miaka yote ya matatu za Peugeot. Alitoa plagi zote nne, akamwaga oili kidogo kwa kila shimo, akasema "mjomba, sasa tuiache ilale siku tatu." Siku ya nne akaizungusha kwa mkono na spana, pole pole, robo, nusu, ikazunguka yote. Angepiga stata siku ya kwanza ringi zingekwaruza silinda.

Maji ndo yalinipa kazi. Ukitoa boliti ya kumwaga maji kwa bloki unatarajia maji yatoke, hapa hakutoka hata tone. Tukaingiza waya wa hanga tukachokora, mara ikaanza kushuka kitu kaa uji wa wimbi, nzito, kahawia, ina harufu ya chuma. Hii injini laina zake, yale mabomba ambayo pistoni zinapanda na kushuka ndani yake, zimezungukwa na maji moja kwa moja, na miaka yote ilikuwa inawekewa maji ya mfereji bila kulanti, ile dawa ya kuzuia kutu, kwa hivyo kutu ilishuka chini ikaganda kuzunguka laina. Gari kaa hiyo unaweza kuiwekea rejeta mpya na bado ichemke. Tuliitoa hedi, tukaosha bloki siku nzima na mpira wa maji na brashi ya chupa mpaka maji yakatoka meupe, hedi ikaenda kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso, gasketi mpya, rejeta ikawekewa kifua kipya. Tukakuta pia ile feni ya sumaku. 504 feni yake haizunguki wakati wote, kuna swichi ya joto kwa rejeta, maji yakipata moto sumaku inashika feni, yakipoa inaiachilia. Fundi fulani wa zamani aliona hiyo ni maneno mengi akaikaza na boliti izunguke milele. Kumbe shida ilikuwa kipande cha kaboni kinachopeleka umeme kwa sumaku kimeisha, kidogo kuliko kucha yangu. Tukaweka kingine na swichi mpya, na siku ile ya kwanza nilisikia feni ikishika yenyewe, klak, alafu upepo, niliita watu wote wa nyumba watoke nje waskie.

Tanki na waya nisiwachoshe. Petroli ya miaka yote hiyo ilikuwa imegeuka gundi, tukatia kokoto ndani tukatikisa tanki mpaka mikono ikauma, na nikaweka filta ya plastiki inayoonekana ndani, ya kwanza ilikuwa kahawia kwa siku mbili. Waya zilizounganishwa na seloteipu zote zilitoka, taa za mbele zikapata relei na athi mpya. Tairi zilikuwa zinaonekana nzima, za rimu 14, meno yote iko, lakini ubavuni ile namba ya mwisho ilisoma 2307, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2007. Zikatoka.

Sasa breki. Kalipa zilifunguliwa, pistoni zilizoshikwa na kutu zikabadilishwa, masta mpya, tukablidi kutoa hewa, pedali ikawa ngumu vizuri. Hosi za mpira za mbele, zinazopeleka mafuta ya breki kwa magurudumu, tuliziangalia tukaona hazina ufa, nikasema hizi tuziache niokoe pesa. Nikatoka nayo kuelekea Gilgil kujaribu, kilomita kaa 15 hivi nikaanza kuona inavuta kushoto alafu nikanusa kitu kinaungua. Nikasimama, nikaweka mkono karibu na rimu ya mbele kushoto nikautoa haraka, ile ya kulia ilikuwa baridi. Tulipoikata ile hosi baadaye, nje ni nzima kabisa lakini ndani mpira umevimba mpaka tundu limebaki kaa la sindano. Ukikanyaga, mafuta yanasukumwa yanapita, ukiachilia hayarudi, kwa hivyo breki inabaki imeshika. Ningekuwa mteremko wa Kericho na mzee sijui ingekuwaje. Siku hiyo hiyo niliagiza hosi zote mpya, mbele na nyuma, na sitaki mtu mwenye gari ya umri huu aniulize kama hosi zake bado ni nzima.

Kabureta nayo ina siri yake huku kwetu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Mau Summit ni juu zaidi, Kisumu, karibu na Ahero, ni kaa 1,130. Juu hewa ni nyepesi kwa hivyo petroli inazidi na plagi zinakuwa nyeusi, ukishuka hewa inakuwa nzito na injini inaanza kukosa petroli na kupata joto. Ukiifunga sana hapa ndo ibane mafuta, Ahero itakulilia. Fundi aliiacha na petroli kidogo zaidi, akasema plagi ikirudi rangi ya mchanga kutoka huko chini, ndo hiyo.

Tulitoka Lanet saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumamosi. Salgaa tukapanda na gia ya tatu nyuma ya trela, sindano ya joto ikapanda, feni ikashika, sindano ikarudi. Mzee alikuwa kimya mpaka Londiani, hapo akaanza kuhesabu mahali alipowahi kutoboa pancha. Kericho tukanywa chai. Tukipita Kapsoit akaniambia, "Simamisha, nipe usukani," na mi nilikuwa nimejiandaa kukataa lakini nikaona mkono wake tayari uko kwa gia. Alishuka ule mteremko wote na gia ya tatu, breki akigusa tu mara moja moja, vile alinifundisha mimi nikiwa na miaka 19.

Shangazi alikuwa amesimama kwa barabara na leso yake, alipoona ile gari akashika kichwa na mikono miwili. Wao wakaingia ndani. Mi nikabaki nje kwanza, nikazunguka nikigusa rimu moja moja, zote nne zilikuwa joto moja.