Ruzuku ya mbolea hupotelea shimoni

Septemba 2022 serikali ya Kenya ilishusha bei ya gunia la mbolea la kilo 50 kutoka takriban shilingi 6,500 hadi 3,500. Mwaka uliofuata likafika 2,500. Tukishika bei ya 2022, kila gunia lililotoka ghalani liliigharimu Hazina karibu 3,000. Ekari ya mahindi hula gunia moja la DAP la kupandia na moja la CAN la kukuzia. Kwa hiyo mwenye ekari moja alichangiwa 6,000. Mwenye ekari 50, akipata mgao wote, 300,000. Kodi iliyogharamia hayo hulipwa hata na anayenunua unga wa kupima, na kumpa mkulima mkubwa bila kikomo ni kumwonea huyo.

Hata hivyo, hasara kubwa iko kwenye shimo la kupandia. Kizibo cha soda kikijaa DAP ni takriban gramu 5. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 10,800, na gunia linatosha kwa shida. Ukipanda 75 kwa 25, mbegu moja moja, mashimo ni kama 21,600. Hapo tia nusu kizibo kila shimo, la sivyo gunia litakwisha katikati ya shamba na mahindi ya upande wa pili yatatoka ya zambarau kwa kukosa fosforasi, kirutubisho kilicho kwenye DAP. Tia mbolea, ifunike kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Zikigusana mbegu huungua.

Kuna mashamba ya Uasin Gishu na Trans Nzoia ambako udongo umekuwa na asidi, na DAP ya mwaka baada ya mwaka imechangia. pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ikiwa chini ya 5.5, fosforasi uliyolipia hufungwa na alumini na chuma, mmea usiipate. Kabla ya kununua, chota udongo sehemu 15 hadi 20 kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki, uanike kivulini, upeleke nusu kilo maabara. Wakikuandikia chokaa ya kupunguza asidi, ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Kisha piga hesabu ya mfuko wako. Gunia la mahindi la kilo 90 likiuzwa 3,000, mbolea ya 5,000, yaani magunia mawili ya 2,500, lazima ikuongezee karibu gunia moja na theluthi mbili kwa ekari ili irudi tu, kabla ya nauli ya kuitoa ghalani.