Jiko la kuni lililopakana na banda la pikipiki: moshi utoke wapi, hewa iingie wapi

Ukijenga Tabora na chumba cha kupikia kikashiriki ukuta na banda la kulaza pikipiki, fundi atakuuliza bomba la moshi lipite wapi. Kabla ya kumjibu, jiulize jiko litavuta hewa kutoka wapi. Moshi ukipanda, hewa nyingine lazima ije kujaza nafasi yake. Ukifunga madirisha kwa sababu ya mvua, hewa hiyo itapenya chini ya mlango wa banda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, nao utafuata njia hiyo hiyo hadi kwenye moto.

Kwa hiyo toboa tundu la nusu tofali chini ya ukuta wa nje wa chumba cha kupikia. Tia wavu wa kuzuia panya, na lisizibwe. Kisha tazama juu: mara nyingi ukuta wa kati huishia kwenye kenchi, na chini ya bati pakabaki wazi. Pazibwe kwa tofali na udongo hadi kwenye bati. Madumu ya petroli yatoke kabisa, yakae nje kivulini.

Bomba lenyewe, kama kuna namna, lipande moja kwa moja juu ya jiko bila kugusa banda. Kila kona hupunguza mvuto. Zaidi ya mbili moshi hurudi. Ikilazimu kupita bandani, lipite juu kabisa, bila mlango wa kusafishia upande huo, na sehemu iliyolala ipande angalau sentimita 2 kwa kila mita. Upana ufuate mdomo wa jiko: ukiwa inchi 6, usipunguze hadi 4 kuokoa bati. Kila kiungo kipate skrubu tatu, na ncha iliyobanwa ielekee upande wa jiko, ili lami ya moshi itiririke ndani badala ya kuvuja nje.

Bomba la plastiki halifai hata kipande. Bati la zinki lisikae karibu na moto, maana zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na moshi wake unadhuru; kipande cha kwanza kiwe chuma cheusi kinene. Mbao na dari zikae sentimita 45 kutoka kwenye bomba. Kenchi ikiwa njiani, hamisha bomba, usikate kenchi. Juu ya paa bomba lipande sentimita 90, na liwe juu kwa 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 3.

Kupima ni rahisi. Toa pikipiki na petroli, acha banda lipigwe upepo, washa jiko, funga madirisha, kisha shika kijiti cha udi kwenye upenyo wa mlango wa banda. Moshi wake ukivutwa kuelekea jikoni, tundu la hewa ni dogo.

Kuni mbichi hujaza bomba lami upesi. Masizi yakifika unene wa milimita 3, safisha, kwani yakishika moto bomba hunguruma na kuwa jekundu. Hapo funga mlango wa jiko, toa watu nje, na usimwage maji.

Usiku usizibe bomba wakati makaa yangali mekundu. Kabonimonoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina harufu wala rangi. Ukiamka kichwa kikiuma na kichefuchefu kimekushika, waamshe wote mtoke nje kwanza, jiko mtalishughulikia baadaye.