Ngazi 22
Jumanne niliitwa kwenye usaili wa karani wa stoo, kampuni moja hapa Mwanza. Nilitoka Mabatini alfajiri kwa bodaboda, magongo nimeyapakata. Kufika, ofisi iko ghorofani: ngazi 22, lifti hakuna. Nilizipanda moja moja. Juu kabisa shati limelowa, na ule mpira wa gongo la kushoto, uliolika upande mmoja, umeshachomoka. Dada wa mapokezi akatazama miguu kwanza, vyeti baadaye. "Pole kaka, hii kazi ni ya kukimbiakimbia." Kazi ya kuandika daftari la mizigo!

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Nani anapita kuwahesabu? Hapo ndipo panaponiuma. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, tunayokopeshwa sisi wenye ulemavu bila riba, naishukuru kwa dhati. Jirani yangu asiyeona na wenzake wanauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na biashara inakwenda. Lakini mimi nimesomea uhasibu. Nataka meza, daftari na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Ijumaa napeleka barua kwa afisa ustawi wa jamii. Tangazo la kazi nimeliambatanisha.