Ukuta wa shule: kumbukumbu ya kazi ya pamoja, Juni hadi Oktoba

Juni

Ukuta tunaouchora picha ni wa nje wa jengo la madarasa katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, na unatazama magharibi, upande wa barabara. Kibali kilipatikana kwa njia ya kawaida: mkuu wa shule aliridhia, kamati ya shule ikajadili, kisha jambo likafikishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako wananchi waliuliza maswali mawili yenye uzito, yaani nani atagharamia na picha itaonyesha nini. Swali la kwanza lilijibiwa kwa michango iliyokwisha kukusanywa mjini Dodoma. La pili niliomba lisijibiwe siku ile, kwa kuwa mchoro ukifika mkutanoni ukiwa umekamilika, wananchi hubakiwa na kazi ya kupiga makofi.

Nimeona michoro mingi ya ukutani ikiitwa ya jamii kwa sababu tu watoto walipewa brashi wajaze rangi ndani ya mistari iliyochorwa na mgeni. Kwa maoni yangu huo ni ukibarua wenye nia njema. Katika kazi hii tulikubaliana mapema kwamba kila mshiriki atakuwa na jambo ambalo neno lake ndilo la mwisho: fundi mwashi kuhusu ukuta, bibi mfinyanzi kuhusu udongo, wanawake wa muheme, ngoma ya asili ya Wagogo, kuhusu namna watakavyoonekana, wafugaji kuhusu mifugo, na kijana mchora mabango kuhusu mistari. Mimi nilibaki na ratiba na fedha, na kwa kweli hivyo viwili vinatosha kumnyima mtu usingizi.

Julai

Mavuno ya uwele na mtama yalipokwisha kuingia ndani, watu walipata nafasi na kazi ikaanza kwa fundi mwashi. Mzee huyu hakutaka kusikia habari ya rangi. Alipita ukuta mzima akiugonga kwa mpini wa mwiko, sikio likiwa karibu na plasta, na kila aliposikia sauti ya utupu alizungushia duara la chaki. Plasta iliyokuwa imeachana na tofali ilibanduliwa yote, hata pale ambapo kwa macho ilionekana nzima.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa chini, karibu na msingi, ambako ukuta ulikuwa umetoa unga mweupe wa chumvi. Sehemu nyingi za Dodoma zina udongo na maji ya visima yenye chumvi. Unyevu hupanda kutoka kwenye msingi ukiwa umebeba chumvi hiyo, maji yanakauka kwa jua, na chembe zinazobaki hukua chini ya rangi na kuisukuma ibanduke. Vijana walitaka kuuosha ukuta kwa maji, lakini mzee aliwakatalia, kwani chumvi inayeyuka, inaingia tena ndani na kurudi wiki ijayo. Ilisuguliwa kwa brashi kavu ya waya, ikazolewa na kumwagwa mbali. Kisha akatoa uamuzi uliobadilisha picha yetu yote: sehemu ya chini, kufikia goti la mtu mzima, isichorwe kitu, bali ipakwe chokaa inayopumua na kurudiwa kila mwaka baada ya mvua. Mchora mabango alilalamika kwamba watu wake watakuwa wanaelea. Walijadiliana hadi chakula cha mchana, na hatimaye ukanda huo ukawa ndio ardhi wanayokanyaga.

Agosti

Bibi mfinyanzi, ambaye amefinyanga vyungu tangu usichana wake, alituongoza kuchimba udongo wa rangi: mwekundu ulioiva, wa njano ya haradali, na mweupe. Mweusi tuliupata kwa kusaga mkaa. Udongo unalowekwa kwenye ndoo, unakorogwa, unachujwa kwa kipande cha khanga kuukuu, unaachwa utuame, maji yanamwagwa na tope linaanikwa juu ya bati mpaka likauke na kusagwa upya. Bibi hupima ulaini kwa kuweka kidogo kati ya meno ya mbele. Akihisi mchanga, kazi inarudiwa.

Uwekundu wa udongo huo unatokana na oksidi ya chuma, ambayo haipauki kwa jua kama zinavyopauka rangi nyingi za bei nafuu za dukani. Ushahidi wake uko mkoani humu humu. Tulikwenda Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa kwenye barabara ya Babati, kuona michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo hilo lina mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro, na mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili michoro ya huko mwaka 1951. Michoro myekundu ndiyo ya zamani zaidi: watu wembamba warefu, swala, twiga, tembo, kwa mistari myembamba ambayo mchora mabango wetu aliitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Ile myeupe, iliyo ya baadaye, huhusishwa na jamii za wakulima.

Kulikuwa na pendekezo la kunakili baadhi ya maumbo yale ukutani kwetu. Bibi alilipinga, akisema kwamba pale bado ni mahali pa watu pa kuombea, na kitu cha tambiko hakiwekwi kando ya barabara. Ni kweli kwamba baadhi ya maeneo ya Kondoa yanaendelea kutumika kwa matambiko ya jamii zinazoyazunguka, kwa hiyo tulichukua rangi na wembamba wa mstari, maumbo tukayaacha yalipo.

Majaribio ya kushikisha udongo ukutani tuliyafanya nyuma ya vyoo, upande unaopigwa na jua lile lile. Udongo uliochanganywa na gundi nyeupe ya mbao ulionekana mzuri lakini ulilainika ulipomwagiwa maji. Uliochanganywa na chokaa iliyozimwa ulishika, na ule uliotiwa chokaa pamoja na maziwa yaliyoondolewa siagi ulishika zaidi, kwa kuwa protini ya maziwa ikikutana na chokaa huwa gundi isiyoyeyuka tena kwa maji. Mama mmoja aliyekuwa akipita aliuliza kama kweli tumeamua kuunywesha ukuta maziwa ilhali watoto wapo. Tuliyatumia kwa mistari ya juu tu, ambako hakurudiwi kila mwaka.

Chokaa ina sharti lake: hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni polepole, na upepo wa Dodoma wa Agosti huikausha kabla haijakomaa, ikabaki unga unaofutika kwa kiganja. Kwa hiyo tulikuwa tukilowesha ukuta alasiri, tunapaka jua likishapungua nguvu, kisha tunafunika kwa viroba vibichi hadi asubuhi.

Septemba

Mbunifu wa michoro aliyejitolea kutoka mjini, ambaye mchango wake katika kupanga picha kwa miraba ulikuwa mkubwa, alipendekeza zabibu zitambae juu ya ukuta wote, kwa kuwa ndizo zinazoutambulisha Mkoa wa Dodoma nchini. Wazee walimsikiliza kwa adabu, kisha mmoja akamwomba awaonyeshe shamba la zabibu lilipo kijijini. Halipo. Zikawekwa suke za uwele na mtama, nyumba ya tembe, na mbuyu uliopo kweli nyuma ya zahanati.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni ya wanawake wa muheme. Katika rasimu ya kijana, ngoma zilikuwa zimesimama chini na wanawake wameziinamia na fimbo mkononi. Mama kiongozi wa kundi aliitazama karatasi, akamwambia, "Mwanangu, hawa wanatwanga mtama, hawapigi ngoma." Muheme ina kiuno chembamba katikati, hubanwa mapajani na kupigwa kwa viganja, na mpigaji husimama na kucheza nayo. Badala ya kueleza zaidi, mama aliwaita wenzake waje na ngoma zao jioni.

Jua linapokuwa chini, mtu akisimama karibu na ukuta unaotazama magharibi, kivuli chake hulingana naye karibu sawasawa. Wanawake walijipanga, kijana akafuata vivuli vyao kwa mkaa. Aliwaomba watulie, wakashindwa. Mama alisema hajui kushika muheme bila kuipiga. Basi wakapiga taratibu, naye akawa anauwahi mstari kila kiwiko kiliporudi mahali pake. Ndiyo maana mabega kwenye ukuta wetu yana mistari miwili na mahali pengine mitatu. Nilimuuliza kama ataifuta. Akasema wataulizwa wenyewe, na wenyewe wakasema ibaki.

Oktoba

Malipo yalizua mjadala. Mmoja wa wachangiaji aliona si sawa wanawake wa muheme kulipwa posho ya kutwa iliyo sawa na ya fundi mwashi, eti kwa sababu walisimama tu. Nilishikilia kwamba bila miili yao na ujuzi wao sehemu ile ya picha isingekuwapo, na mwashi mwenyewe, aliyekuwa na haki ya kulalamika kuliko sote, alikubaliana nami. Posho ilibaki ile ile.

Tumeandika pia makubaliano ya kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kawaida, na kuyasaini mbele ya mtendaji wa kijiji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kazi iliyobuniwa na watu kadhaa kwa pamoja, lakini sheria haitajua nani alifanya nini kama hakuna aliyeandika. Makubaliano yanasema kwamba picha hii haitachapishwa kwenye khanga, kalenda wala fulana kwa ajili ya biashara bila ridhaa ya kundi, na kwamba majina yatakayoandikwa ukutani yatafuata alfabeti, langu likiwa mahali pake.

Kilichobaki ni kundi la ng'ombe upande wa kulia na ukanda wa chokaa wa chini. Vyote vinapaswa kwisha kabla ya mvua za mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwa sababu mvua ya kwanza ikinyesha kila mtu atakuwa shambani. Chokaa ipo, udongo mwekundu upo wa kutosha, na mirunda ya jukwaa imekwisha kuhamishiwa upande ule. Kazi itaendelea Jumatatu endapo wafugaji watakuwa wamepatana kuhusu fahali wa mbele, ambaye baadhi yao wanamtaka mwekundu na wengine wanashikilia kwamba fahali wa kutangulia kundi lazima awe na mabaka.